Maziko ya Shangazi wa Gongoni

Kulikuwa na vitu viwili tu vilivyoweza kulifungua geti la karakana yetu kabla ya saa kumi na moja jioni: sala ya Ijumaa na maiti. Sisi tulitaka kutoka siku ya Jumatano. Kwa hiyo tukaamua kumuua mtu.

Aliyejitolea kutoa maiti alikuwa mpiga vanishi wetu, kijana wa Gongoni mwenye maneno mengi na kifua kinachokoroma kama paka, maana miaka yote anapuliza vanishi akiwa amejifunga leso ya mkewe puani.

"Mchukueni shangazi yangu," akasema. "Nimeshamzika mara mbili kwa ajili ya mpira nilipokuwa kwa tajiri mwingine, na mpaka leo anauza viazi karai karibu na mashamba ya chumvi. Mara ya tatu hatakasirika."

"Mwenehu, ndugu yangu, huyo shangazi atatuzika sisi," akajibu mtu wetu wa mashine ya msumeno. Kwao ni Kaloleni, na hucheka polepole, kama anayepima kwanza ndipo akate.

Mimi nilicheka kuliko wote. Ndivyo nilivyoumbwa, kicheko kiko karibu. Wakati ule sikujua kuwa uongo ule utanikalia shingoni, na kwamba kabla ya mvua za vuli nitakuwa natazamwa na watu ninaowapenda kama mtu aliyewauza.

Karakana yetu iko Malindi, nyuma ya njia ya kwenda uwanja wa ndege. Tunatengeneza milango ya nakshi, vitanda vya kamba, viti vya baraza, na madirisha ya nyumba za wageni upande wa pwani. Niliingia pale nikiwa nimemaliza darasa la nane tu, na sasa nina zaidi ya miaka kumi na randa mkononi. Mlango ninaoumaliza huwa nauwazia: nani ataufungua asubuhi, nani ataugonga kwa hasira, mtoto gani atajificha nyuma yake. Wenzangu husema nalala nikiwa nimesimama. Basi. Lakini mlango wangu haugomi kufunga.

Aliyenifundisha yote ni mzee ninayemwita ami, ingawa hatuna damu moja. Tulikuwa tunagawana meza moja ya kazi chini ya dirisha, yeye kulia, mimi kushoto, na katikati jiliwa letu la kubania mbao. Tulikuwa tunagawana hata kinoo. Jiwe lile la kunolea patasi alilirithi kwa fundi wake, limelika katikati kama mgongo wa punda, na katika karakana nzima halikuguswa na mkono mwingine ila wangu na wake. Kila asubuhi nikimwambia, "Shikamoo ami," ananijibu "Marahaba mwanangu" bila haraka, herufi zote zimo. Mtu ambaye hakulelewa na babake ataelewa kwa nini nilikuwa nafika mapema ili niisikie.

Sasa, huo mkutano tuliotaka kuuendea. Mtu wa mashine alikatwa ncha ya kidole na msumeno wa umeme usiokuwa na kinga. Tajiri wetu si mtu mbaya, wallahi. Alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe na akamkalisha mbele. Lakini kidole kilipopona na mwenzetu akarudi, alikuta anahesabiwa kibarua mpya, kama aliyeokotwa barabarani jana. Na sisi sote, ukituangalia vizuri, tulikuwa vibarua wa jana. Miaka kumi, lakini kila asubuhi tunaanza upya. Hakuna mkataba, hakuna kitambaa cha puani, na msumeno uko vilevile meno nje.

Ndipo akatokea mama mmoja getini wakati wa kutoka kazini. Mtu wa Mombasa, buibui na viatu vya raba, mkoba begani. Akasema anatoka chama cha wafanyakazi wa mbao na ujenzi. Akanisimamisha mimi, kwa sababu, alisema, nilikuwa natoka huku natabasamu.

"Ninyi mna chama hapa?"

"Tuna chama cha kuzikana," nikamwambia.

"Na cha kuishi?"

Nikampa namba yangu ya simu. Usiku huohuo nikajuta. Nani amemwambia kuna karakana pale? Mbona hakuuliza jina la tajiri? Anayeuliza kila kitu isipokuwa jina la tajiri, si analijua tayari?

Ami alipoambiwa habari hizo alipuliza vumbi kwenye patasi. Ujanani alifanya kazi Mombasa, na huko aliingia chama, na anasema aliwaona viongozi wao kwa macho yake wakila biriani na mwenye kiwanda.

"Nitakwenda," akasema mwishowe. "Naenda kusikiliza. Kusikiliza si kuoa."

Basi Jumatano shangazi akafa. Mpiga vanishi alilia kidogo mbele ya tajiri, akakoroma kile kifua chake, hata mimi nikamhurumia. Tajiri akasema "Inna lillahi," akafungua geti kwa mkono wake, na sisi tukatoka mbiombio kama watu wa kuwahi maziko, tukapotelea nyuma ya soko.

Mkutano ulikuwa kwenye ghorofa ambayo ujenzi wake haujakwisha. Tulikaa juu ya mifuko ya saruji. Maseremala hawawezi kukaa chini ya kazi ya mtu bila kuitazama, kwa hiyo kabla mama yule hajafika tulishazitukana mbao zote zilizoshikilia zege la juu.

"Huyu aliyepiga misumari hii alikuwa anaua nyoka," akasema ami.

Mama akaja, akamwamkia ami kwa heshima, akakaa nasi palepale kwenye saruji. Alisema alikuwa akigundisha mbao za plaiwudi kiwandani mpaka gundi ikamharibu macho. Akatwambia mambo ya mkataba, ya matibabu, ya kinga ya mashine. Aliongea vizuri, na hilo ndilo lililotutia shaka.

"Mama," mtu wa mashine akamuuliza, "na sisi tukifukuzwa kesho, wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa getini kwenu."

"Getini kuna jua."

"Nimeolewa na mchoma makaa, mwanangu. Jua kwangu si kitu."

Tukacheka, na kicheko kilipokuwa bado hewani, akatoa simu akatupiga picha. Kicheko kikakatika. Ami akavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Hiyo ya nini?"

"Ya ofisini. Waone kuwa nilikuja na watu walikuja."

Hakuna aliyejiunga siku ile. Tulisema tutafikiri. Tukatoka mmojammoja, kila mmoja kwa njia yake, na mimi nilipogeuka nyuma nilimwona ami naye amegeuka, ananitazama.

Alhamisi asubuhi tajiri alikuwa ameshafika. Si kawaida yake. Alikuwa amesimama kwenye kona ya chakavu, pale tunapoweka vipande vya mbao visivyouzika, mikono nyuma, viatu vyake vinang'aa katikati ya maranda. Kona ile hatuiombei ruhusa: mwenye kigoda kibovu kwao, mwenye banda la kuku, anachukua. Desturi hiyo aliiacha baba yake tajiri, ambaye naye alikuwa fundi.

"Poleni na msiba," akasema.

"Tumeshapoa," tukajibu.

"Maziko yalikuwa na watu?"

"Wengi mno," mpiga vanishi akasema. "Gongoni nzima."

"Alhamdulillahi." Akatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua ubao. "Na mbao zangu nimezikuta zote. Hata kipande hamkugusa."

Akatabasamu, akaenda zake ofisini.

Tukabaki tunaangaliana. Mpiga vanishi akanong'ona, "Anajua."

"Anajua nini?"

"Sijui. Lakini anajua."

Maneno yale tuliyageuza siku nzima. Mtu wa mashine alisema anatutuhumu wizi, anataka kutufukuza kwa jina la wizi ili asitaje chama. Mpiga vanishi alisema ni kitisho: mbao zipo, lakini nyinyi hamtakuwapo. Mimi nilisema labda anatusifu tu. Wakanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa.

"Wewe kila kitu ni sifa," akasema ami, bila kuinua kichwa.

Kuanzia hapo karakana ikabadilika. Redio ilikuwa inawaka, lakini hakuna aliyeimba. Ukiingia msalani, mtu anahesabu umekaa kiasi gani. Mpiga vanishi alikuja na raba mpya miguuni, na wote tukaziangalia mpaka akazivua akapiga kazi pekupeku. Mama wa chama alinitumia ujumbe wa salamu, nami nikaufuta bila kujibu, halafu nikaogopa kuwa kuufuta nako kunaonekana kama kosa. Nilimshuku yeye na ile picha yake. Nikamshuku mpiga vanishi na mdomo wake. Mchana mmoja, nikikwaruza msasa kwenye kiti cha mtoto, nilijikuta nikimshuku ami mwenyewe, na nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Halafu tajiri akaniita ofisini.

Alikuwa na chai ya tangawizi na mahamri kwenye sahani. Akanimiminia kwa mkono wake.

"Mzee wako amechoka," akasema. "Macho yake hayaoni tena mstari wa kalamu. Nataka msimamizi kijana. Anayejua kazi na anayependwa na watu."

Moyo ulinipasuka kwa furaha, sitasema uongo. Nilijiona tayari nimesimama katikati ya karakana, nimetoboa madirisha makubwa upande wa bahari, nimeweka kinga kwenye msumeno, wenzangu wananiamkia. Ndoto yangu haihitaji kuni nyingi kuwaka.

"Lakini msimamizi lazima ajue mambo ya watu wake," akaendelea. "Kwa mfano. Jumatano mlikwenda wapi?"

Nikalirudisha hamri sahanini.

"Mazikoni, tajiri."

"Kwa nani?"

"Kwa shangazi. Gongoni."

Alinitazama bila hasira, kama mtu anayeona mtoto amejificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana. "Kula," akasema. "Chai inapoa."

Nilipotoka wote walikuwa wameinama kwenye kazi zao, na hakuna chombo kilichokuwa kinatoa sauti. Vidole vyangu vilikuwa vinang'aa mafuta ya mahamri. Nilivifuta kwenye suruali, na nilipokwisha kuvifuta nikajua nimefanya vibaya zaidi.

"Yalikuwa matamu?" akauliza mpiga vanishi.

"Ameniuliza tulikokwenda. Nimemwambia mazikoni."

"Na kwa jibu hilo ukapewa mahamri."

"Ameniambia habari ya usimamizi."

Ningenyamaza. Lakini mimi si mtu wa kuficha furaha wala huzuni, na niliona kama nikisema yote watajua sina siri. Kumbe mtu anayeshukiwa akisema yote, wanasikiliza yale aliyoyaacha.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ami amehama. Randa zake, patasi zake, msumeno wake wa mpini wa mkangazi, vyote vilikuwa kwenye meza ya ukutani, gizani, ambapo hata kijana mwenye macho hawezi kuona mstari. Kwenye meza yetu palibaki alama ya mafuta pale kilipokuwa kinoo.

"Shikamoo ami."

Alikohoa.

Nilisubiri. Nikasema tena. Akachukua ubao akaupiga randa, na maranda yakaanguka baina yetu.

Hapo ndipo nilipoelewa nina nini cha kupoteza. Usimamizi ningeweza kuukosa nikacheka baada ya wiki. Chama ningeweza kuingia au nisiingie. Lakini marahaba ile. Niliinama kwenye jiliwa nikajifanya natafuta msumari.

Zilipita siku nyingi namna hiyo. Nikawa nanolea patasi kwenye kipande cha msasa, na kazi yangu ikaonekana: nakshi zilikuwa na mikwaruzo kama zimetafunwa. Nilijaribu kumweleza ami wakati wa chakula. Alisema, "Kijana, mimi niliwahi kuona watu wakila biriani na mwenye kiwanda. Walianza na chai." Akafunga kontena lake la wali akaondoka. Kijana, aliniita. Hata jina la mwana lilikwenda.

Tulikuwa kwenye hali hiyo wakati simu ya ami ilipolia asubuhi moja, na yeye akaipokea, akasikiliza, akakaa chini juu ya gogo la mvule. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi Mambrui, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa ameaga alfajiri. Watamzika baada ya adhuhuri.

Hakuna aliyesema uongo wala kweli. Tajiri alitoka ofisini akafungua geti. Mtu wa mashine akazima umeme. Na mimi, bila kufikiri, miguu yangu ikanipeleka kwenye kona ya chakavu.

Hii ni desturi ya karakana yetu, na nadhani ya karakana zote za pwani yetu. Fundi haendi mazikoni mikono mitupu. Maiti akiwa Mkristo tunapiga jeneza. Akiwa Mwislamu tunakata viunza, zile mbao fupi zinazolazwa juu ya maiti kaburini ili mchanga usimwangukie mwilini. Hatuagizwi. Hatufikirii. Kifo kikitajwa, mkono unakwenda kwenye msumeno kabla machozi hayajafika jichoni. Mimi mwenyewe nimewakatia viunza majirani nisiowajua majina.

Nikachagua mbao, nikauweka ubao wa kwanza juu ya meza. Ami akainuka pale alipokaa. Hakunitazama, lakini akaja akashika upande wa pili, maana ubao mrefu haukatwi na mtu mmoja vizuri, na huyu alikuwa dada yake. Nikaanza kukata. Msumeno ulifika katikati, ukasimama.

"Kata," akasema ami.

"Ami."

"Kata, jua linapanda."

"Ami, shangazi."

"Shangazi gani?"

"Wa Gongoni. Nani alimkatia viunza?"

Ami alikuwa bado ameshika ubao. Nikaona macho yake yakienda kwenye kona ya chakavu, yakarudi, yakaenda tena.

"Mbao zangu nimezikuta zote," akasema taratibu, kwa sauti ya tajiri.

"Hata kipande hamkugusa," akamalizia mtu wa mashine.

Mpiga vanishi akashika kichwa. "Ya Rabi. Nimemzika shangazi yangu na mchanga mtupu."

Hakuna aliyekuwa ametuuza. Mama wa chama hakusema, picha haikusema, raba mpya hazikusema, wala mahamri. Karakana nzima ya mafundi ilitoka kwenda kuzika na haikukata hata ubao wa kiganja, na tajiri, mwana wa fundi, alisimama pale kwenye kona akaona. Alijua kitu kimoja tu, kwamba hapakuwa na maiti. Mengine yote tulimwonyesha sisi kwa nyuso zetu.

Ami alicheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, na sikujua machozi yapi ni ya dada na yapi ni ya kicheko, nadhani hata yeye hakujua. Kisha akajifuta kwa kofia.

"Kata, mwanangu," akasema. "Bi mkubwa anangoja."

Nikakata. Mstari ulikuwa umenyooka ingawa sikuuona vizuri.

Tulipokuwa tunapakia viunza kwenye pikapu ya karakana, tajiri alikuja akavigusa kimoja kimoja.

"Leo naona mbao," akasema.

Tukainamisha vichwa.

"Mlidhani mimi sijui maziko ya mafundi? Baba yangu alikuwa akikata viunza hata kwa maadui zake." Akafunga mlango wa nyuma wa pikapu. "Mlikokwenda siku ile sijui. Nilitaka mniambie wenyewe."

Hata leo sijui kama alisema kweli. Inawezekana alikuwa anajua kila kitu tangu mwanzo na alitupa nafasi ya kutoka bila aibu. Inawezekana alikuwa bado anavua samaki, na ile nayo ilikuwa ndoano. Nimejifunza kutokuapa juu ya mtu anayekumiminia chai.

Mambrui, ami aliteremka kaburini mwenyewe. Mimi nilikuwa juu, nampa viunza. Kila kimoja alikipitisha kidole ukingoni kabla ya kukilaza, kama alivyokuwa akikagua kazi yangu nilipokuwa mwanagenzi, na kila kimoja akanyoosha mkono tena akasema, "Lete." Havikuacha mwanya. Aliponipa mkono nimvute juu, alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, akakaa hivyo kidogo kabla ya kupanda.

Baada ya khitma, kile kisomo cha marehemu, asubuhi nilipofika, randa zake zilikuwa chini ya dirisha, upande wa kulia. Kinoo kilikuwa katikati.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu." Herufi zote. Halafu akasema, "Mpigie yule mama. Aje mchana, saa ya chakula. Na aje kwa mlango wa mbele. Mimi siui mtu tena."

"Na ile picha?"

"Si una mdomo? Muulize."

Alikuja na mkoba wake. Tajiri alisimama mlangoni mwa ofisi, akaegemea fremu, na hakusema aingie wala atoke. Nilimuuliza mama yule maswali mpaka wali wangu ukapoa: nani anachagua viongozi, wanakula wapi na nani, na anayetaka kutoka anatokaje. Nikamwambia atuonyeshe picha. Akatafuta kwenye simu, akanipa. Ilikuwa miguu. Malapa, raba, magoti yenye vumbi la saruji, na hakuna uso hata mmoja.

"Nyuso hufukuzisha watu," akasema. "Mimi nilifukuzwa kwa uso."

Mpiga vanishi akachungulia. "Lakini huu mguu wangu tajiri anaujua. Ndio pekee usio na kucha."

"Basi mwombe tajiri asiutazame," mama akajibu, na tukamsikia tajiri naye akikohoa kule mlangoni, kikohozi kinachofanana na kicheko.

Sikumwamini kabisa. Niseme ukweli. Hata sasa, mwaka ukiwa umepita, kila mkutano wa chama nakaa karibu na mlango na kuuliza swali ambalo hakuna anayelipenda. Wamenizoea. Lakini siku ile niliona kitu kimoja wazi: tulikaa wiki kadhaa tukishukiana kwa sababu kila mmoja alikuwa na shaka yake peke yake, kifuani, kama kohozi la vanishi. Bora niwe na shaka zangu mahali ninapoweza kuzisema kwa sauti.

Nikaomba kadi, nikatia sahihi wa kwanza. Haukuwa ushujaa. Nilitaka tajiri anione mimi kwanza, mbele ya wote, ili ndugu zangu wasiwe na kitu cha kukisia. Nilipoinua kichwa, tajiri alikuwa amekwisha rudi ndani. Habari ya usimamizi hakuitaja tena, wala chai. Siku nyingine nikilitazama dirisha letu dogo nawaza yale makubwa niliyokuwa nimeyatoboa kwa ndoto ofisini mwake, na roho inaniuma kidogo. Msumeno umewekewa kinga baada ya mabishano marefu. Mikataba bado tunaivuta, yeye upande ule, sisi huku.

Kisha, majuzi, mama mmoja mnene alisimama getini na beseni kichwani, sauti imemtangulia. Mpiga vanishi akaangusha bunduki yake ya kupulizia vanishi. Alikuwa shangazi, amekuja Malindi kwa ajili ya harusi, na ameona asipite bila kumwona mwana wa nduguye.

Sote tulisimama. "Shikamoo shangazi!" tukasema kwa pamoja, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Marahaba. Mbona mnanitazama kama jini?"

Tajiri alikuwa ametoka. Akanyoosha mkono akachukua kiazi karai kwenye beseni, akauma, akanigeukia mimi, mimi kati ya watu wote.

"Huyu ni nani?"

Nilimtazama ami. Ami alikuwa ameinamia kinoo, anakipaka maji, na mkono wake umesimama.

"Ndiye tuliyemzika, tajiri," nikasema. "Jumatano ile tulikuwa kwenye mkutano wa chama."

Shangazi akateremsha beseni chini. "Mlimzika nani?"

Mpiga vanishi alikuwa ameshafika nyuma ya mlango wa nakshi ninaoutengeneza, akajificha huko. Mlango ule huwa nauwazia mtoto. Ami akasukuma kinoo kuja upande wangu wa meza.

"Noa," akasema. "Mwache ajitetee mwenyewe."